Uliza Fundi: Signo Ipo Full, Jibu Ndo Halifiki

Wiki hii maswali yamekuwa mengi na nilipoyapanga nikaona zaidi ya nusu yanauliza kitu kilekile, ila kila mtu kakipa jina lake, huyu anasema network nzito, yule signo ipo ila haipigi, mwingine kifaa kinachelewa kujibu. Nimeyaweka pamoja. Yote yanahusu muda wa kujibu, yaani kifaa kikipokea kitu toka hewani kinahitaji nafasi kidogo ya kukifungua, kukikagua na kurudisha neno, na huku aliyetuma ana saa mkononi anahesabu. Ile nafasi ikipangwa vibaya hata uwe na mnara mlangoni utalia tu.

Fundi habari za kazi. Nimevuta intaneti toka nyumbani Kibaha mpaka shambani kwa pointi tu pointi, waifai ya 5 GHz, dishi mbili, umbali nimepima kwenye ramani ni kilomita 14. Signo ni nzuri -58, katikati hakuna miti maana nimefunga juu ya tenki la maji. Ila spidi haifiki hata mega 2 na pingi, yaani muda wa data kwenda na kurudi, inaruka hovyo. Dishi nimelenga upya mara tatu. Aliyeniuzia anasema ninunue dishi kubwa zaidi. Ninunue? – Mkulima wa Kibaha

Kaka funga kwanza hiyo pochi. Dishi kubwa itakupa signo -52, yaani kali zaidi kidogo, na mega zako zilezile 2.

Iko hivi. Kwenye waifai kila pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, ikifika salama anayepokea anatulia kidogo sana, kwa 5 GHz ni mikrosekunde 16 (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde), afu anarudisha kijibu kifupi cha "nimepata", hicho ndo mafundi wanakiita ACK. Anayetuma anasubiri hicho kijibu kwa muda maalum na muda ukiisha anahesabu pakiti imepotea, anatuma tena. Sasa kiwandani huo muda wameupanga kwa matumizi ya nyumbani na ofisini, makumi machache tu ya mikrosekunde basi, maana toka rauta mpaka sebuleni mawimbi hayatumii muda wowote wa maana. Wewe uko kilomita 14. Mawimbi yanakula mikrosekunde 3.3 kwa kila kilomita, kwa hiyo kwenda ni kama 47 na kurudi 47, jumla inakaribia 93 kabla hata hujaweka zile 16 za kutulia. ACK yako inafika kila mara, tena nzima kabisa, ila inamkuta mwenyewe kashakata tamaa na ameshaanza kutuma upya.

Ni kama umemtumia mama hela kijijini, meseji ya muamala ikachelewa, ukaona haijaenda ukatuma tena, afu tena. Mama kapokea mara tatu na wewe bado unasema mtandao mbovu. Tofauti ni kwamba upande wa pili wa waifai ni mwaminifu, zile nakala anazitupa, kwa hiyo hakuna anayefaidika, hewa tu inajaa kazi ya bure. Na kuna baya zaidi. Rauta ikiona pakiti nyingi "zinapotea" inaamini hewa imechafuka, basi inashusha mwendo, kama dereva anayepunguza gia akidhani barabara imeharibika kumbe ni kioo chake ndo kichafu. Hiyo ndo mega 2 yako.

Dawa haina gharama. Ingia kwenye setingi za vifaa vyote viwili, tafuta palipoandikwa ACK taimauti (muda wa kusubiri ACK) au distensi (umbali). Kwa wanaotumia OpenWrt, ile programu huria ya rauta, ni sehemu ya distensi kwenye setingi za juu za waifai na inataka mita, kwa hiyo weka 15000, sevu, nenda na upande wa pili uweke hivyohivyo. NASEMA PANDE ZOTE MBILI maana najua kuna mtu ataweka mmoja afu aniandikie tena. Na usijifanye mjanja ukaweka 50000 eti kwa usalama, kwa sababu pakiti ikipotea kweli basi rauta itakaa inasubiri jibu ambalo haliji, na muda huo wote hewa imekaa bure. Ongeza kidogo juu ya umbali halisi, imetosha. Kama vifaa vyako vina mfumo wa zamu, ule wa TDMA, ujaribu pia, huo kila upande unapewa kipindi chake cha kuongea na kwa umbali mrefu unatulia zaidi.

Sikusemi kwa ubaya maana na mimi yamenikuta. Kuna mwaka nilishinda siku mbili juu ya mnara Kisarawe, jua la saa nane, nalenga dishi kushoto nalenga kulia, mteja chini ananitazama kama tapeli, siku ya pili jioni nimekaa chini nakunywa maji ndo nafungua setingi naona imeandikwa mita 300. Mita 300! Kiungo chenyewe kilomita 19. Nilibadilisha namba moja nikamwambia mteja "nimemaliza", nikaona aibu kumwambia ilikuwa nini.

Na ukitaka kujua hii kitu inafika wapi, mwaka 2007 kule Venezuela Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha waifai kilomita 382 toka mlima hadi mlima. Kwa umbali huo mawimbi yanaenda na kurudi kwa milisekunde 2.5 hivi (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde), huwezi kukaa unasubiri ACK ya kila pakiti, ikabidi wabadilishe programu ya ndani ya rauta ndo wakapata mega kama 3 kila upande. Vifaa vyenyewe ni waifai ya kawaida hii tunayoijua.

Shikamoo fundi. Mi ni nahodha wa boti ya uvuvi natokea Kigamboni. Tukiwa mbali usiku, taa za mjini zimebaki kama mstari tu, simu yangu ya kitochi inaonesha mistari miwili ya network lakini nikipiga inazunguka weee afu inakata. Tukirudi kidogo tu kuelekea pwani inapiga vizuri na mistari ni ileile miwili. Simu mbovu au? – Nahodha

Marahaba nahodha. Simu yako nzima. Umevuka mpaka ambao hauonekani kwenye maji.

Simu ya kitochi inatumia 2G, na kwenye 2G simu nyingi zinaongea na mnara kwa zamu, kila moja ina kijisehemu chake cha muda. Aliye mbali sauti yake inachelewa kufika, kwa hiyo mnara unamwambia "wewe anza mapema kidogo" ili ifike ndani ya zamu yake na isimkanyage mwenzie. Huko kuanza mapema kumepangwa kwa ngazi, kuanzia 0 mpaka 63, na kila ngazi ni kama mita 550. Piga hesabu, inaishia kilomita 35. Ukiwa kilomita 38 mnara hauna namba ya kukupa. Na baharini hakuna nyumba wala kilima kwa hiyo mawimbi yanafika mbali kuliko nchi kavu, ndo maana unaiona mistari. Kuusikia mnara hakuhitaji miadi, kama unavyosikia spika ya msikiti toka ng'ambo ya mto, unaisikia vizuri tu ila we ukiitika huko hakuna anayekusikia.

4G kwa kanuni inaweza kwenda mpaka kilomita 100, ila inategemea mwenye mnara kaupangaje, mpangilio mmoja unaotumika sana unaishia kama kilomita 14 na nusu. Kwa hiyo usishangae kukuta 4G inakukataa mapema kuliko 2G.

Hapo kwenye 4G pana kitu kinanifurahishaga. Sheria ni kwamba simu ikipokea kifurushi cha data lazima irudishe jibu baada ya milisekunde 4, ukitoa ile moja ya kupokea chenyewe zinabaki 3 za kufikiri. Lakini aliye mbali anatakiwa kuanza kuongea mapema, si ndio? Basi ule umapema unatoka kwenye muda wake wa kufikiri. Aliye kilomita 100 anakatwa milisekunde 0.67, anabaki na 2.33. Yaani mtu wa mbali anapewa mtihani uleule ila dakika anapunguziwa. Na kwa sababu mtengeneza chipu hajui simu itaishi Kariakoo au katikati ya bahari, inabidi zote azitengeneze ziweze hizo 2.33.

Kwa usalama wako nahodha simu usiitegemee kule nje. Tafuta redio ya VHF ya baharini, chaneli 16 ndo ya dharura. Hiyo haina habari ya zamu.

Oya fundi, mi ni mwanafunzi Dodoma na ni gemaz. Nimesoma mahali kwamba simu za 5G zina "uwezo namba 1" na "uwezo namba 2" wa kuprosesi, na namba 2 ni kasi zaidi. Simu yangu haisemi ni ipi. Nitafute yenye namba 2 ili nisilagi?

Umesoma kweli na nakupongeza, wengi wanaishia kusoma megapikseli.

Kwenye 4G ilikuwa amri moja kwa wote, zile milisekunde 4 nilizomwambia nahodha, uwe na simu ya laki mbili au ya milioni tatu. 5G wakaona hii si sawa, wenye haraka wanacheleweshwa na wa polepole wanakimbizwa. Wakaweka miadi. Simu ikijiunga inajitambulisha, mi naweza hiki, hiki siwezi, na kati ya inayoyasema ni inahitaji muda gani kati ya kumaliza kupokea data na kuanza kurudisha jibu. Huo muda wanauita N1 na unahesabiwa kwa simboli, vile vipande vidogo vya muda ambavyo data inatumwa ndani yake. Kwa mpangilio wa 30 kHz, uwezo namba 1 ni simboli 10, kama mikrosekunde 357, na namba 2 ni simboli 4 na nusu, kama 161. Afu kila mnara ukituma data unaambatanisha na namba inayosema "nijibu baada ya sloti kadhaa", sloti ni kundi la simboli. Mnara ukikosea ukaweka miadi ya karibu kuliko simu ilivyotangaza, simu haidaiwi jibu la kweli. Haki kabisa.

Halafu huo muda wa kufikiri haukai hapohapo. Ukiwa kwenye daladala hewa inabadilikabadilika, mnara unaweza kuongeza alama za kupimia hewa na zingine zinakaa mwishomwisho mwa data. Simu haiwezi kuanza kufungua mpaka izione alama zote, kwa hiyo zile simboli 10 zinakuwa 13. Simu ni ileile na mnara ni uleule, ila umepanda gari basi muda wa kufikiri umeongezeka.

Sasa kuhusu gemu. Tofauti ya 357 na 161 haifiki hata robo ya milisekunde. Seva ya gemu yako ikiwa Ulaya, umbali wa fiber ukiwa kilomita 10,000 tu mwanga peke yake unatumia milisekunde 100 kwenda na kurudi, haijalishi unashika simu gani. Uwezo namba 2 umewekwa kwa mambo ya viwandani, mikono ya roboti na vitu vya namna hiyo, ambako mtambo na mnara viko jengo moja na kila mikrosekunde inahesabika. Kwenye setingi za gemu chagua seva ya karibu, hela ya simu mpya kalipie ada.

Fundi mi naendesha bodaboda, simu iko kwenye usukani kutwa nzima na jua hili la Dar. Ikifika saa saba intaneti inakuwa nzito na ramani inaganda, jioni inapona yenyewe. Line nimebadilisha, haijasaidia.

Line haina kosa. Simu imechemka. Chipu ikipata moto inajipunguza mwendo yenyewe, na mwendo ukipungua kazi ya kufungua data nayo inakuwa ngumu. Wataalamu wa 3GPP, hao ndo wanaoandika kanuni za mitandao ya simu, waliliona hili tangu toleo la 15, lile la kwanza la 5G: simu iliyopata joto inaruhusiwa kuuomba mnara uipunguzie mzigo, labda upana wa masafa au idadi ya njia za data zinazokuja kwa pamoja. Toleo la 16 la mwaka 2020 wakaenda mbele zaidi, mnara unaweza kuiahidi simu kwamba "amri nikikupa sasa hivi, data yenyewe haitakuja kwenye sloti hiihii, itakuja ya mbele", na simu ikishajua hivyo haina haja ya kukaa imewasha kila kitu kwa wasiwasi, inasoma amri taratibu na sehemu zingine zinalala. Tena simu yenyewe inaweza kusema ingependa nafasi ya kiasi gani. Hapo unapunguza joto na betri inakaa.

Mitandao ipi imewasha hayo na simu ipi inayajua ni hadithi nyingine. Wewe tafuta kile kishikio chenye kikofia cha kuzuia jua, toa kava la mpira, na kuchaji huku ramani inawaka mchana acha kabisa. Mtandao ukikubali iweke simu kwenye 4G peke yake ukiwa barabarani, ramani haihitaji 5G.

Naomba kuuliza, tunafanya projekti ya chuo Morogoro ya mita za maji zinazotuma usomaji kwa NB-IoT, ule mtandao wa simu wa vifaa vidogo vinavyotuma data kidogo. Moduli yetu inajibu polepole sana ukilinganisha na simu, na muda mwingine hata haipatikani. Tumeuziwa feki?

Hapana, ndo ilivyozaliwa. NB-IoT ilitoka na toleo la 13 mwaka 2016 na wazo lote lilikuwa chipu iwe rahisi na betri ikae miaka. Chipu rahisi inafikiri taratibu, kwa hiyo wakaipa muda: ikipokea data ina angalau milisekunde 12 kabla ya kudaiwa jibu, na ikipewa ruhusa ya kutuma inapewa angalau 8 za kujiandaa. Linganisha na zile 4 za simu. Hiyo ya kutopatikana ni moduli imelala, kuna hali ya kulala ambayo hakuna mtu anaweza kuiamsha kwa kuipigia, inaamka kwa ratiba yake, inatuma, inalala tena. Programu yenu ya upande wa seva iandikeni ikijua hilo, msiweke kusubiri jibu sekunde mbili afu mnatuma tena na tena, mtamaliza betri na mtarudi kulekule kwa mkulima wa Kibaha. Mita ya maji hata ikichelewa nusu saa nani atajua?

Fundi nakusoma toka Muscat. Huku tunaambiwa simu za kawaida zitaongea na setilaiti moja kwa moja. Kwa hayo unayosemaga ya muda itawezekanaje, setilaiti si iko mbali sana?

Swali zuri mno hili. Setilaiti ile isiyosogea angani iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Data ikitoka kituo cha ardhini kupanda, kushuka kwako, na jibu lako kupanda na kushuka tena, ni karibu nusu sekunde. Nusu sekunde! Na kwenye 4G tulikuwa tunagombania milisekunde 4. Kwa kanuni za zamani jibu lako lingefika mnara umeshasahau uliuliza nini.

Kwa hiyo toleo la 17, lililofungwa 2022, likafanya mambo matatu ambayo mtu wa kijiweni angeweza kuyafikiria. La kwanza, kila miadi ya kujibu inaongezewa nyongeza kubwa inayolingana na safari yenyewe, na simu inajua iko wapi kwa GPS na setilaiti inatangaza iko wapi, hivyo simu inapiga hesabu yenyewe ianze kuongea mapema kiasi gani badala ya kungoja kuambiwa kama kule kwa nahodha. La pili, vifurushi vinavyoweza kuwa njiani kwa wakati mmoja vikiwa bado havijajibiwa vimetoka 16 mpaka 32, ili mtumaji asikae mikono mitupu wakati anasubiri. Na la tatu ndo naona la kijasiri, mnara unaweza kusema kwa baadhi ya vifurushi "usinijibu kabisa", kikipotea kitatafutwa na tabaka la juu la programu ya mtandao.

Setilaiti za chini, zile za kilomita 600 hivi, nafuu ni kubwa ila nazo zinakimbia, kwa hiyo umbali unabadilika kila sekunde na nyongeza inabidi ibadilike nayo. Ukiipata hiyo simu, ukienda nayo jangwani simama sehemu ya wazi, iache ione anga dakika moja mbili kabla hujaanza kuilaumu, inatafuta GPS kwanza.

Mkulima wa Kibaha, ukishaweka ile 15000 nitumie picha ya spidi nione.